"Wewe" au "Ninyi"? Adabu na Sarufi katika Madarasa ya Kigali

Mwanafunzi mmoja wa hapa Kigali alimkaribisha mgeni wetu, mzee kutoka Tanga, kwa maneno haya: "Mzee, karibuni. Nawaomba mketi." Mgeni akageuka kutazama nyuma, akidhani kwamba ameingia pamoja na wengine. Darasa likacheka, na mwalimu akaliandika kosa ubaoni: umoja umechanganywa na wingi.

Hukumu hiyo ni sahihi kisarufi, lakini haitoshi. Kijana yule hakukosea hesabu. Katika Kinyarwanda mtu wa kuheshimiwa huamkiwa "mwaramutse", kwa wingi, hata akiwa peke yake. "Waramutse" ni ya rika na watoto. Kifaransa, kilichotumika katika shule za hapa kwa miaka mingi, kina desturi hiyo hiyo. Kumtia kijana huyo wino mwekundu tu ni kumtaka avunje adabu ya kwao bila ya kumwonyesha adabu ya Kiswahili inakaa wapi.

Nayo haikai katika wingi. Mswahili humwuliza babu yake, "Babu, umekula?" Kitenzi ni cha umoja, heshima imebebwa na neno "babu", na kabla yake na "shikamoo". Zaidi ya hayo, kiwakilishi "wewe" chenyewe hukiepuka. Kumkabili mzee kwa "wewe" waziwazi kuna ukali ndani yake, ndiyo maana twasikia, "Na babu je?" badala ya "Na wewe je?"

Hapo ndipo tunapovilaumu vitabu vyetu vingi vya wanaoanza. Huanza kwa kukaririsha: mimi nasoma, wewe unasoma, yeye anasoma. Huo ni mwendo wa Kiingereza, ambacho kitenzi chake hakiwezi kusimama bila ya kiwakilishi. Tena Kiingereza hakina la kutufunza katika jambo hili: kiliwahi kuwa na "thou" ya mtu mmoja na "you" ya wengi, ile ya wengi ikapewa wakubwa kwa heshima, hatimaye ikawameza wote. Mwanafunzi wa Kigali hahitaji njia hiyo ndefu. Lugha yake nayo huridhika na kiambishi ndani ya kitenzi. Afunzwe mapema "Mzee, nakuomba uketi", na "wewe" ingoje siku ya kusisitiza au kulinganisha.

(Kifupi chake, "we", kina mtego wake: katika Kinyarwanda "we" ni yeye, si wewe.)

Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, jambo hili limetoka darasani. Karani anayemwandikia mkuu mmoja "nawaomba" atasomwa kuwa anawaomba watu wengi, au hata watu wengine wasiohusika, kwani "-wa-" hubeba ninyi na wao pia. Akiwa kweli anawaandikia wengi, "nakuombeni" ingemwondolea shaka msomaji. Nayo hatujaikuta katika zoezi lolote la madarasa yetu.