Kupunguza Kasi na Kupoza: Breki za Atomi na za Molekuli

Atomi za sodiamu zinazotoka katika tanuri iliyopashwa moto mpaka metali hiyo ikageuka mvuke husafiri kwa kasi inayokaribia mita 1,000 kwa sekunde, kasi ambayo humwachia mtafiti muda mfupi mno wa kuzipima kabla hazijapita. Kuzituliza kwa kuzigusisha na ukuta wa baridi hakusaidii, kwa sababu zikishaugusa hunata hapo na kuacha kuwa gesi. Zinapaswa basi kuzuiwa zikiwa katika ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, pasipo kuguswa na kitu chochote kigumu. Na kitu kinachoweza kuzisukuma katika hali hiyo ni mwanga. Kwamba mwanga husukuma atomi lilikuwa jambo lililokwisha kuonyeshwa mwaka 1933, pale Otto Frisch alipoukengeusha kidogo mkondo wa atomi za sodiamu kwa taa ya sodiamu, ila msukumo huo ulikuwa hafifu mno kiasi kwamba haukuweza kutumika kabla ya kuja kwa leza.

Kila fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, hubeba momenta, ambayo kwa kitu chenye tungamo ni zao la tungamo hilo na kasi yake. Atomi ya sodiamu inapofyonza fotoni ya mwanga wa manjano inayoijia uso kwa uso, kasi yake hupungua kwa takriban sentimita 3 kwa sekunde. Baada ya nanosekunde 16 hivi huitoa fotoni nyingine, lakini hii huelekea upande wowote, kwa hiyo misukumo ya fotoni zinazotolewa hufutana huku ile ya zinazofyonzwa ikijumlishana. Kusimamisha atomi moja kunahitaji ufyonzaji upatao 33,000, idadi inayoweza kukatisha tamaa mpaka ikumbukwe kwamba kwa leza yenye nguvu atomi hurudia tendo hilo zaidi ya mara milioni 30 kwa sekunde. Upungufu wa kasi unaopatikana hivyo ni mkubwa mara 90,000 hivi kuliko mchapuko wa mvutano wa dunia, na atomi ingeweza kusimama ndani ya umbali unaozidi nusu mita kidogo tu.

Kikwazo basi hakikuwa udogo wa nguvu. Kwa mujibu wa athari ya Doppler, atomi inayokimbilia leza huyapokea masafa ya mwanga, yaani idadi ya mawimbi yanayoifikia kwa sekunde, yakiwa yamepanda, na hufyonza pale tu masafa hayo yanapolingana na yake ya asili. Ikishapoteza mita 6 hivi kwa sekunde, sawa na fotoni 200 tu, ulinganifu huvunjika na atomi huendelea na safari yake kana kwamba leza haipo.

William Phillips na Harold Metcalf, katika maabara ya taifa ya vipimo ya Marekani huko Gaithersburg, Maryland, waliiacha leza kama ilivyo wakaibadilisha atomi. Kwa kuwa uga wa sumaku huyasogeza masafa ambayo atomi hufyonza, walizungusha nyaya kulizunguka bomba la ombwe, zikiwa nyingi pale atomi zinapoingilia na kupungua kadiri zinavyosonga mbele, ili uga udhoofike kwa kiwango kilekile ambacho kasi inashuka. Mwaka 1982 walitangaza kwamba walikuwa wameondoa asilimia 40 ya kasi ya mwanzo, kwa ufyonzaji wapata 15,000. Mpangilio huo ulikuwa na faida ambayo maelezo mengi huipitia juu juu, ingawa bila hiyo jaribio lingekwama mapema: uga huo, pamoja na mwanga ambao uga wake wa umeme huzunguka kwa upande mmoja, uliizuia atomi isidondokee katika ngazi nyingine ya nishati ambako leza haiioni tena.

Aidha, atomi zenye kasi kubwa huanza kuzuiwa mwanzoni mwa bomba, na zile za polepole huachwa zipite mpaka zifike pale ambapo uga unalingana na kasi yao, hivyo zote hutoka zikikaribiana kwa kasi. Huku ndiko kupoza kwa maana yake halisi, kwani halijoto ya gesi hupimwa kwa mtawanyiko wa kasi za chembe zake, wala si kwa kasi ya kundi zima. Vurugu inayoondolewa hubebwa na fotoni zinazotolewa ovyo.

Kwa molekuli mambo ni magumu zaidi. Molekuli hutikisika na kuzunguka, kwa hiyo ina ngazi nyingi za nishati ambamo inaweza kuangukia baada ya fotoni chache, na leza moja huipoteza mara. Hii ndiyo sababu Gerard Meijer na wenzake huko Nijmegen, Uholanzi, waligeukia umeme. Mwaka 1999 walipitisha molekuli za kaboni monoksidi kati ya jozi 63 za elektrodi zenye volti za maelfu. Molekuli iliyo katika hali inayofaa hupoteza mwendo inapoingia penye uga mkali, na ingeurudishiwa inapotoka, lakini uga huzimwa kabla haijatoka, na jozi inayofuata huwashwa. Kasi ilishuka kutoka mita 225 hadi 98 kwa sekunde.

Ni breki nzuri, lakini haipozi. Hakuna kinachotoka kwenye molekuli na kuondoka na vurugu, hivyo msongamano wake, ukihesabiwa kwa mahali na kwa kasi kwa pamoja, haupandi hata kidogo. Baridi yote ilipatikana kabla, gesi ilipopanuka ghafla kutoka katika tundu dogo kuingia kwenye ombwe. Ripoti zinazoziita molekuli hizo baridi bila kutaja chanzo hicho huisifu breki kwa kazi isiyo yake.

Ili molekuli zipozwe, ilibidi kurudi kwenye leza na kuchagua molekuli ambazo karibu kila mara hurejea katika ngazi ileile. Kikundi cha David DeMille katika Chuo Kikuu cha Yale kiliipoza strontiamu monofloridi mwaka 2010, leza za nyongeza zikirudisha zile zilizopotea. Mwaka 2017 watafiti wa Imperial College, London, waliifikisha kalsiamu monofloridi kwenye kelvini 50 kwa milioni moja. Kabla ya hapo waliipunguza kasi kwa kuyabadilisha masafa ya leza kadiri molekuli zilivyopungua mwendo, njia ileile iliyosimamisha atomi za sodiamu huko Boulder, Colorado, mwaka 1985.