Ubao, Rangi na Riziki: Kuhusu Picha za Tingatinga

Barabara ya Kilwa ipitayo hapa Mtoni ndiyo iliyowaleta mjini watu wengi wa Kusini. Aghalabu walikuja kutafuta kazi, si sifa. Karibu na kituo cha Kwa Azizi Ali nilimkuta fundi akichora kuku kwa rangi ya mafuta juu ya ukuta wa kibanda cha mama muuza chakula. Nilimwuliza kama yeye ni msanii, akacheka, akasema yuko kazini. Kicheko kile kilinikumbusha Edward Saidi Tingatinga.

Huyu naye alikuwa mtu wa Kusini, ingawa hakuja moja kwa moja. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, ndipo akafika Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na vibarua. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora juu ya vipande vya hadibodi, ule ubao mwembamba wa kupigia dari, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa Oysterbay, penye Morogoro Stores, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa.

Wako wasomi wasemao kwamba hiyo si sanaa bali ni bidhaa, kwa kuwa mwenyewe alichora ili ale. Hoja hii siikubali hata kidogo. Wachonga milango wa Zanzibar na Lamu walilipwa. Manju wa ngoma hutuzwa. Nani amewavua usanii? Njaa humpeleka mtu kazini, lakini haimwelekezi amweke chui wapi. Tuzitazame picha zenyewe. Mnyama mmoja huujaza ubao karibu wote, na nyuma yake mna rangi moja tu, pasipo mlima wala upeo wa macho. Madoa yake hayafuati ngozi ya porini, bali yamepangwa kama mapigo ya ngoma. Rangi ile nzito ing'aayo haikubali kufifizwa kidogo kidogo; ilimlazimu mchoraji akate kila umbo kwa mpaka ulio wazi. Hivyo uhaba wa vifaa ukawa mtindo.

Lawama yangu iko kwingine. Wanafunzi wake, kina Ajaba Abdallah, January Linda na Simon Mpata, walijifunza kwa kuketi kando yake, na waliofuata wakaunda chama cha ushirika mwaka 1990. Kuigana huko kumelisha nyumba nyingi, nami si mtu wa kulidharau jambo hilo. Lakini picha nyingi za siku hizi, zenye twiga watatu na Kilimanjaro nyuma yao, zimechorwa na mkono ulioacha kujiuliza. Na kosa si la mkono peke yake. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaipa kazi heshima yake. Hata hivyo kuta za shule zetu na sebule zetu sisi walimu zimebaki na kalenda. Amwuziaye mgeni apitaye hana budi kumpa kile ambacho mgeni amekwisha kukijua kabla ya kuja. Amwuziaye jirani huambiwa: hii uliniletea mwaka jana.

Nilipopita tena pale Kwa Azizi Ali, yule fundi alikuwa ameifuta shingo ya kuku na anaichora upya. Mama mwenye kibanda alikuwa amesimama nyuma yake, mwiko mkononi, akimwambia kwamba kuku wa kweli hasimami hivyo, kama askari wa gwaride.