Mashujaa wawili mbele ya mashini

Watu wa Marekani wanapenda kusimulia hadithi za mashujaa wenye nguvu isiyo na kipimo. Nyumba ya Walt Disney ilifanya filimu kadhaa za picha za kuchorwa juu ya hadithi hizo. Leo tunalinganisha mbili: Paul Bunyan ya mwaka 1958 na John Henry ya mwaka 2000. Zote mbili zinaonyesha shindano la namna moja: mtu na chombo chake mkononi, na mashini ya mvuke mbele yake. Lakini mafundisho yake si mamoja.

Paul Bunyan ni jitu, mkata miti, mwenye ng'ombe wa rangi ya buluu jina lake Babe. Siku moja anafika mtu na msumeno wa mvuke. Wanashindana, naye Paul anashindwa kwa robo ya inchi tu. Basi anakwenda zake kaskazini, Alaska, kucheza na ng'ombe wake. Watazamaji wanacheka, kiisha wanasahau. Wakata miti wengine watakula nini sasa? Filimu haiulizi. Tusishangae. Hadithi hiyo ilizaliwa katika kambi za wakata miti, lakini tangu mwaka 1914 kampuni ya Red River Lumber Company iliieneza kwa vitabu vidogo ili kuuza mbao zake.

John Henry alitoka katika nyimbo za wafanya kazi wenyewe. Wengi husema alipiga nyundo pale Big Bend, West Virginia, walipotoboa mlima kupitisha reli, baada ya mwaka 1870. Katika filimu ya Mark Henn, nyundo yake imefuliwa kwa minyororo ya utumwa wake. Picha hiyo moja inashinda mahubiri mengi: chuma kilichomfunga mtu kimekuwa chombo cha mtu huru. Anaishinda mashini, kiisha anakufa. Tunaisifu filimu hii kwa sababu haikuogopa kifo.

Hata hivi tuna neno juu yake. Inatuacha na faraja upesi mno: shujaa ameanguka akiwa mshindi, basi yote ni mema. Historia ni chungu zaidi. Kampuni ya reli ilikodi wafungwa wa Virginia, wengi wao watu weusi. Mwanahistoria Scott Nelson, katika kitabu chake cha mwaka 2006, anaona kwamba John Henry alikuwa mmoja wao, na kwamba vumbi la mawe liliwaua wengi. Vumbi hilo hatulioni katika filimu.

Kosa hilo si dogo. Mtu akitoa uhai wake kwa ajili ya wenzake, tunamheshimu. Lakini bwana wa kazi hasafishwi kwa sababu mfanya kazi alikufa kishujaa. Leone XIII katika Rerum Novarum (1891) alitetea mshahara wa haki. Yohane Paulo II katika Laborem Exercens (1981) alifundisha kwamba kazi ni kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi.

Basi mapadri na wakatekista wanaotaka kuonyesha filimu hizo kwa vijana, wacheke nao kwanza juu ya Paul Bunyan. Halafu waonyeshe John Henry, na mbele ya kusifu nguvu zake waulize: nani alimdai mtu huyu uhai wake, na kwa haki gani?