Profesa Ndulu na kibanda cha wakala

Bonga, barabara ya Babati kwenda Kondoa, mkulima akiuza mbaazi anaweza kulipwa kwa simu na kuchukua noti zake kwa wakala, bila nauli ya kufuata benki mjini. Wengi hawajui kwamba jambo hilo lina mkono wa marehemu Profesa Benno Ndulu.

Alishika ugavana wa Benki Kuu ya Tanzania Januari 2008, wakati mbaya: kashfa ya EPA, ya fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya madeni ya nje ya benki hiyo, ilikuwa imemng'oa mtangulizi wake. Gavana mwenye hofu angekataa kila kitu kipya. Mwaka huohuo kampuni za simu zikabisha hodi na huduma ya pesa kwa simu, ambayo haikuwa na sheria. Ndulu, mchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyesomea shahada yake ya uzamivu Northwestern, Marekani, hakuipiga marufuku wala hakuiachia holela. Benki Kuu ilitoa barua za kutokuwa na pingamizi, kwa sharti moja zito: fedha za wateja zikae kwenye akaunti ya amana benki, shilingi kwa shilingi, kampuni isiziguse. Sheria ya Mifumo ya Malipo ilikuja 2015, mambo yakiwa yameshajulikana. Huo ndio utumishi ninaousifu, wa kujifunza kwanza, kisha kuandika.

Makato ya kutuma na kutoa pesa bado yanauma, ndiyo maana tunaambiana “tuma na ya kutolea”. Lakini sharti lile la amana linalinda salio la mkulima hadi leo. Ndulu alistaafu 2018, akafariki 22 Februari 2021.