Mdeni, Mdaiwa na Dalali: Uhakiki wa Istilahi za Kudai Madeni

Istilahi njema haina budi kutimiza masharti mawili. Kwanza, itaje kitu kimoja bila ya kukichanganya na kingine. Pili, ieleweke kwa yule ambaye maisha yake yanaguswa nayo, wala si kwa mtaalamu peke yake. Makala haya yanahakiki istilahi chache za madeni ambazo zamani zilikaa katika mabenki na mahakama, na ambazo siku hizi humfikia mwananchi nyumbani kwake kwa njia ya simu. Nakusudia kuonyesha kwamba kasoro zake si za ufasaha tu. Zina gharama, na mwenye kuilipa ni mkopaji.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Munisagara, katika bonde la mto Mkondoa, kandokando ya Reli ya Kati, magharibi ya mji wa Kilosa. Kadi ya mkopo, ambayo katika nchi tajiri ni chanzo kimojawapo cha madeni ya watu wa kawaida, huenda hajapata kuishika. Akiwa na kadi ya benki, aghalabu ni ya kutolea fedha zake mwenyewe. Lakini simu yake hufanya kazi ile ile: humkopesha usiku, bila ya kumwuliza mengi. Muda wa kulipa ukipita, huja ujumbe. Nautunga hapa kwa ajili ya mfano tu: "Wewe ni mdaiwa sugu. Lipa leo, la sivyo dalali wetu atakuja kukamata mali yako. Wadhamini wako wamearifiwa." Katika maneno hayo machache zimo istilahi nne zinazostahili kuhakikiwa.

Ya kwanza ni mdaiwa. Katika Kiswahili cha mahakama, mdai ni yule afunguaye shauri la madai, na mdaiwa ni yule anayelijibu. Mdaiwa wa namna hiyo huenda akawa hana deni lolote. Amedaiwa tu, na bado hajasikilizwa. Katika lugha ya mabenki, hata hivyo, mdaiwa ni mtu ambaye deni lake limekwisha thibitika. Neno moja, basi, limebebeshwa hali mbili zilizo mbali sana. Kudaiwa si kuwa na deni. Mkulima anayeambiwa kwamba ni mdaiwa hudhani kwamba hesabu imekwisha kufungwa, hata ikiwa riba na tozo zilizoongezwa hazimo katika mkataba alioukubali.

Wazee wetu walilijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Kitenzi -wia, kilichomo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, kilimtaja mwenye haki ya kulipwa bila ya kutaja kelele za kudai. Mwia ni mwenye mali yake, na mwiwa ni mwenye deni. Wasomaji wa Biblia bado wanalisikia neno nawiwa. Sisemi kwamba tulirudishe neno hilo sokoni kwa nguvu. Nasema kwamba lugha ilikwisha tenganisha deni na dai, nasi tumevichanganya.

Istilahi ya pili ni sugu. Mdaiwa sugu limekuwa neno la matangazo: ya ankara za maji, ya kodi ya ardhi, ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Lakini sugu ni sifa ya tabia. Ni ugumu wa mtu asiyesikia. Je, mkulima ambaye mafuriko ya Mkondoa yamelisomba shamba lake ni sugu? Yafaa tukumbuke kwamba mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliing'oa hata reli katika bonde hilo. Hapa wataalamu wa mabenki wametupa mfano bora, kwani wao husema mkopo chechefu. Istilahi hiyo huweka kasoro penye mkopo, wala haimtukani mtu.

Ya tatu ni dalali, pamoja na kitenzi kinachoandamana nalo, kukamata. Dalali wa mahakama hukamata mali kwa amri ya mahakama, baada ya shauri kusikilizwa na hukumu kukaziwa. Hata hapo mkono wake una mipaka. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 imeviweka kando vitu ambavyo havikamatwi: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, matandiko, na zana za fundi. Palipo na rehani, sheria ina taratibu zake nyingine, zenye kutaka notisi. Lakini mtu aliyetumwa na kampuni kuulizia deni lisilo na rehani wala hukumu si dalali wa aina yoyote. Akibeba godoro na sufuria, hatekelezi sheria. Anachukua mali ya mtu. Neno dalali humvika joho ambalo hakupewa.

Wengine, kwa kuona ubaya huo, wamependekeza wakala wa kukusanya madeni. Nadhani hilo nalo halifai. Hukusanywa kitu kilicho tayari, kama mavuno au ushuru. Deni linalobishaniwa halikusanywi, hufuatiliwa. Tumwite mfuatiliaji wa deni, na mipaka ya kazi yake itaonekana katika jina lake.

Ya nne ni mdhamini. Mdhamini ni mtu aliyekubali, kwa hiari na kwa ahadi, kulipa iwapo mwenzake atashindwa. Katika mikopo ya simu jina hili limepewa shemeji, mwalimu au jirani ambaye namba yake imechotwa tu katika simu ya mkopaji. Huyo hakudhamini kitu. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, suala hili si la adabu peke yake. Kumwita mdhamini ni kumtwisha deni kwa neno.

Huenda wakatokea watakaosema kwamba lugha ni ya watu, na kwamba hakuna baraza liwezalo kuwafundisha watu jinsi ya kudaiana. Hoja hiyo ina ukweli. Watu wenyewe wamekwisha tunga istilahi zao, kausha damu na mikopo umiza, nazo ni sahihi kuliko nyingi za kwetu, kwa sababu zinasema kinachotendeka. Lakini watu hawaandiki mikataba, huandikiwa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni. Programu hizo zilizungumza na wananchi kwa Kiswahili, tena kwa maneno yaliyoazimwa mahakamani. Hapo ndipo kazi ya mwanaistilahi inapoanza.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika mikataba, fomu na ujumbe wa kudai, mdeni awe mtu mwenye deni asilolikana. Mdaiwa abakie kuwa mtu anayedaiwa, kabla ya kuthibitika. Dalali litumike kwa yule tu aliyepewa mamlaka ya kisheria. Mfuatiliaji wa deni kwa aliyetumwa na mdai. Na mdhamini kwa aliyetia sahihi tu. Sugu liachwe kabisa.

Haya hayamfutii mtu deni. Dawa ya deni ni kulipa, nasi tunalishikilia hilo. Lakini mtu wa Munisagara anayejua kwamba aliyesimama mlangoni pake ni mfuatiliaji, wala si dalali, anaweza kumkaribisha kiti, kumwomba hesabu kwa maandishi, na kupanga naye namna ya kulipa. Asiyejua atampa jembe lake.