Jipende, Lakini Nunua Nne

Herufi ni 12. Kati ya Septemba 2017 na Agosti 2018, BTS wa Korea Kusini walitoa albamu tatu, na kila albamu ikaja na kava nne tofauti. Love Yourself: Her ilibeba L, O, V na E. Love Yourself: Tear ikaleta Y, O, U na R. Love Yourself: Answer ikafunga na S, E, L na F. Ndani ya kava nne za albamu moja, nyimbo ni zile zile. Kinachobadilika ni herufi, picha na vikorokoro vya karatasi. Ukitaka rafu yako iandike maneno yote mawili, yanayokuambia ujipende, itabidi ununue nakala 12.

Wengi wetu tulizijua hizi nyimbo kwa simu, ambapo kava ni kamraba kadogo kama ukucha. Ndiyo maana inafaa tukiangalie kifurushi chenyewe, kile cha kushikwa na mkono, kwa macho makali kama yale tunayotumia kwa mashairi na video. Kwa maoni yangu hii ni kazi safi sana ya usanifu. Ila inasema kitu kimoja kwa mchoro na kingine kabisa kwa namna inavyouzwa.

Tuanze na mchoro. Studio ya HuskyFox ya Seoul ilichora ua kwa mstari mwembamba. Kwa Her, ua liko kwenye weupe. Kwa Tear, weupe umegeuka kuwa weusi na petali zinaanguka. Kwa Answer, mwanga umerudi na rangi laini. Hakuna sura ya msanii hata mmoja kwenye kava hizi. Fikiria hilo: kundi la vijana saba ambao sura zao pekee zinaweza kuuza chochote, halafu mbele kunawekwa mstari tu. Huo ni ujasiri, bana. Kava inakwambia usianze na uso, anza na hali ya moyo.

Halafu kuna zile alama za Kichina kwenye majina. Ushairi wa kale wa Kichina una muundo wa hatua nne, ambao Korea na Japani pia waliuchukua: kuanza, kuendeleza, kugeuza, kuhitimisha. Her ina alama ya kuendeleza, Tear ya kugeuza, Answer ya kuhitimisha. Sasa kuanza kuko wapi? Sehemu hiyo, Wonder, ilitoka kama video Aprili 2018, miezi kadhaa baada ya Her. Haikupewa albamu yake. Kwa hivyo hata mwenye nakala zote 12 anaanza hadithi ikiwa katikati. Napenda sana pengo hilo, kwa sababu ni nani kati yetu anaweza kuonyesha siku kamili alipoanza kupenda?

Iliyo kali zaidi ni Tear. Kwa Kiingereza, neno hilo likitamkwa hivi ni chozi, likitamkwa vile ni kuchana. Na albamu mpya hufungwa kwa plastiki, kwa hivyo kabla hujasikia sauti yoyote mkono wako tayari umeshachana kitu cheusi. Usanifu umekuingiza kwenye wimbo bila kukuuliza. Haishangazi kwamba kifurushi hicho kiliteuliwa kwa tuzo ya Grammy ya usanifu wa albamu mwaka 2019. Tuzo ikaenda kwa Masseduction ya St. Vincent, lakini uteuzi wenyewe ulikuwa wa haki.

Sasa fungua. Ndani kuna kitabu cha picha, diski, kijitabu chenye vipande vya hadithi, na kadi ya picha. Vipande hivyo vya hadithi havifanani kutoka kava moja hadi nyingine, kwa hivyo msomaji wa kava moja ana riwaya iliyokatwakatwa. Na kadi ni ya kubahatisha: wasanii ni 7, kadi ni moja, na huwezi kujua umepata nani mpaka ulipe. Piga hesabu. Kama kila sura ina nafasi sawa, anayetaka zote 7 bila kubadilishana na mtu atanunua, kwa wastani, nakala kama 18. Wanaocheza multibeti wanaujua huo mchezo vizuri. Na kila nakala inayouzwa inahesabiwa kwenye chati. Tear ilifika nambari moja kwenye Billboard 200, albamu ya kwanza ya K-pop kufanya hivyo.

Hapo ndipo mambo yanagongana. Nyimbo zinakwambia wewe umetosha. Kifurushi kinakwambia bado, umebakisha tatu.

Mashabiki watanijibu kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba kubadilishana kadi kumewapa watu marafiki. Kweli kabisa. Kugawanya kitu si dhambi, hata sisi tuna sanaa inayouzwa kwa vipande. Kanga huja kwa doti: vipande viwili, unakata, kimoja wako, kingine wa dadako au shoga yako. Lakini angalia jina la kanga. Limeandikwa zima kwenye kila kipande. Ukibaki na kimoja, bado unaweza kukisoma na ujumbe ukafika. Pia umeliona jina dukani kabla ya kutoa pesa. Msanifu wa kanga aligawanya kitambaa bila kuigawanya sentensi. Love Yourself iligawanya sentensi yenyewe, na mwenye pesa ya nakala moja akabaki ameshika R.

Mwaka 2022 J-Hope wa kundi hilo hilo alitoa Jack in the Box bila diski: kasha, kadi, na msimbo wa QR wa kuskani kwa simu. Wapo waliolalamika. Mimi naona angalau kasha hilo lilisema ukweli kuhusu kile kilichokuwa kinauzwa tangu zamani.

Haya yote hayaniondolei heshima kwa aliyechora ule mstari. Yananifanya nimdai zaidi, kwa sababu aliyeweza kufanya plastiki ichanike kwa maana angeweza pia kufanya kava moja isimame peke yake. Kama umejichanga na pesa inatosha albamu moja tu, chukua Tear, herufi yoyote ile. Petali zinazoanguka hazihitaji zile kava zingine tatu ili zieleweke.