Duara Lililogeuzwa Darajani

Kosa lilifanyika Darajani, kabla ya vespa hata moja ya msafara wetu kuwashwa. Mengine yote mliyoyaona Jumapili ile, watatu chini kwenye tuta, kioo cha pembeni kimepasuka, kuingia mjini Isha imeshaadhiniwa, yalikuwa mavuno ya dakika tatu za asubuhi.

Ratiba ilikuwa imekwishaandikwa, na ilikuwa nzuri. Darajani, Mwera, Dunga, Chwaka; kupanda na pwani kwa Uroa, Pongwe na Kiwengwa; kukata Kinyasini na Mahonda; kisha kurudi polepole kwa kona za Kizimbani hadi Bububu. Kilomita 100 hivi, siku nzima ya raha. Mashariki kwanza, kaskazini mchana, jioni kushuka kusini kuja nyumbani. Kiongozi wetu akatazama simu, akainua mkono: "Jamaa, leo bamvua. Tukienda Chwaka asubuhi tutakuta bahari imekimbia. Tugeuze, tuanzie Bububu, Chwaka tuifikie saa 10 maji tele." Vijana wakapiga honi. Nikamuuliza, na jua je? Akacheka: "Mzee wangu, jua si lipo kila siku?"

Lipo kila siku, mwanangu, na kila siku linazama magharibi. Mji wetu uko pwani ya magharibi. Kila safari ya Unguja inayoanzia Darajani ikatoka kuelekea mashariki lazima mwishowe irudi magharibi, na suala la mpangaji ni moja tu: utarudi saa ngapi, na kwa barabara gani. Ukitoka kwenda Chwaka saa 3 asubuhi jua limeshapanda, liko juu ya kofia, halikusumbui. Jioni ukishuka kutoka Mahonda unaelekea kusini, jua liko bega la kulia, linachujwa na mikarafuu na minazi ya Kizimbani. Hiyo ndiyo sababu ya duara kuzungushwa upande ule. Halikuzungushwa hivyo kwa bahati.

Sasa ligeuze. Unaondoka Chwaka saa 11 na nusu, unaelekea Dunga. Tena huu ni msimu wa kusi: jua halizami magharibi kamili, linaegemea kaskazini kidogo, na barabara ya Chwaka kuja Dunga nayo inaegemea huko huko. Ni kama mtu kaipima kwa rula. Kilomita kwa kilomita unaendesha ndani ya tundu la tanuri.

Na kuna chumvi. Hili wengi hawalisemi. Kusi kwenye pwani ya mashariki inavuma kutoka baharini, na kutoka Kiwengwa hadi Chwaka kioo cha helmeti kinakusanya unyevu wa chumvi kidogo kidogo bila wewe kujua, kwa sababu jua liko nyuma yako au juu yako na unaona vizuri tu. Ukigeuka pale Chwaka kuelekea magharibi, kioo kizima kinawaka kama bati. Nilifuta cha kwangu kwa kidole cha glavu, nikakipaka mafuta ya mnyororo juu ya chumvi. Mbele yangu kulikuwa na vespa ya zamani, kijana kampakia mdogo wake. Taa yake ya breki ni kaa lililofunikwa majivu. Nilijua yuko pale kwa sauti tu. Kwa duara la asili ile chumvi ingefutwa Kinyasini, kwenye chakula cha mchana, kwa maji ya kopo na upande wa ndani wa fulana.

Tuta lenyewe ni la kijijini, dogo, kabla ya Dunga, kwenye kivuli cha miembe. Kivuli kikaja ghafla baada ya mwanga, macho yakapofuka mara ya pili. Wa kwanza akafunga breki, wa pili akamwona, wa tatu akamsikia, wa nne hakupata lolote. Mshazari wetu, mmoja kulia mmoja kushoto, ulikuwa bado wa hesabu mbili kati ya mtu na mtu, kama tulivyotoka asubuhi. Kwenye jua la usoni mshazari wa hesabu mbili ni kujidanganya. Unapanga mstari mmoja, unahesabu nne, na wa mbele ananyoosha mkono mapema, si pale pale tutani. Namshukuru Mungu ilikuwa goti lililochunika na kioo. Mdogo mtu alisimama mwenyewe, akaanza kumtafutia kaka yake kiatu.

Kwa haki ya mtu: mkia wa msafara ulishikwa vizuri siku nzima, mafuta yalijazwa mjini kila tangi, na Adhuhuri haikumpita mtu.

Nirudi kwenye bamvua, maana kiongozi wetu hakusema uongo. Bamvua katika maji yetu hupwa kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10, na anayepanga safari ya pwani bila kutazama mwezi hajapanga. Ila nani kamwambia kwamba bahari iliyokupwa ni mbaya? Pita Uroa saa 4 ya bamvua uone. Maji yamerudi hadi mwambani, mchanga umetandikwa mistari ya vigingi na kamba, kina mama wameinama maji ya goti wanafunga mwani, kanga zao zinaonekana tangu barabarani. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani 1989, na leo ndiyo sura ya pwani yetu ya mashariki. Saa 10 yote hayo yako chini ya maji. Unachoona ni bahari imejaa, na bahari imejaa naiona Forodhani bila kuchoma hata lita moja ya petroli. Kiongozi wetu amegeuza duara ili akose kitu chenyewe kilichomtoa nyumbani.

Halafu kuna fikra ya treni. Viongozi wa siku hizi wanadhani watu walio nyuma yao ni mabehewa. Treni ya Bububu, iliyopita hapa hapa Darajani tangu 1905 hadi 1928, ilikuwa na reli. Behewa halichagui mstari kwenye kona wala halipofushwi na jua. Msafara wetu wa ishirini na mbili ulitakiwa ukatwe mafungu matatu au manne, kila fungu na anayeijua njia. Nimelisema hili mara ngapi? Najibiwa kwamba picha haipendezi.

Na wale wa injini kubwa ndio waliopiga honi kwa nguvu zaidi, kwa sababu njia ya Bububu hadi Mahonda imepanuliwa na wakaiona inafaa kutanuliwa asubuhi mbichi. Barabara pana, kwao, ndiyo barabara. Kona za Kizimbani, ambazo kwangu ndizo safari yenyewe, tulizipita wapi? Hatukuzipita. Kwa kuwa tulianza kwa haraka ya kuwahi maji ya saa 10, zikakatwa.

Mimi nina ugonjwa wa zamani, mnaujua: nilikua nikisikiliza Safari Rally redioni. Waliotuvutia hawakuwa wa mwendo tu. Mwaka 1963, na tena 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Bert Shankland wa Tanzania alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la kupelekea watoto skuli. Joginder Singh alishinda 1965, 1974 na 1976, lakini hesabu yake ninayoipenda ni nyingine: aliingia mara 22, akamaliza 19. Mtu hamalizi 19 kwa kukanyaga. Anamaliza kwa kujua mapema atakuwa wapi saa ngapi, na gari litakuwa na hali gani.

Hapa kwetu palikuwa na mzee mmoja wa Mchangani, sasa marehemu, aliyetuongoza tukiwa na vespa za mkono wa pili zisizofika sitini. Alianza ratiba na sala ya Magharibi. Anaandika chini ya karatasi: Magharibi, Darajani. Kisha anapanda juu: Bububu saa ngapi, Mahonda saa ngapi, hadi anafika kwenye chai ya asubuhi, na hapo ndipo anapotuambia tukutane lini. Hakuwa na simu. Bamvua aliijua kwa kuuliza wavuvi wa sokoni hapo hapo Darajani, na aliitumia kuchagua Jumapili, si kugeuza njia.

Picha ya Chwaka imekuja. Kiongozi wetu kasimama ukingoni, maji tele nyuma yake, ya rangi ile ile aliyotuahidi. Hamwoni vizuri macho, kwa sababu amekunja uso na kuweka kiganja juu ya paji, anajikinga.